Stelingi Hafi, na Wale Wengine Je?



Mwezi wa kumi maktaba yetu ilipokea maboksi manne ya vitabu vya msaada kutoka ng'ambo, na sisi watatu wa mwaka wa pili wa falsafa tukapangiwa kazi ya kuyafungua, kupangusa vumbi na kuandikisha vitabu kwenye daftari. Maboksi matatu yalikuwa na vitu tulivyovizoea: kamusi za Kilatini, fafanuzi za Zaburi, vitabu vya maadili vilivyopigiwa mistari na wanafunzi wa zamani. Boksi la nne, chini kabisa, lilikuwa na vitabu vitatu vya katuni vya Superman. Tulidhani vimepotea njia. Padre anayesimamia maktaba alivipekua kidogo, akatabasamu, akaturudishia. "Mnayo wiki moja," alisema. "Visomeni, kisha mniambie kama vinakaa rafuni au vinakwenda jikoni kuwashia moto."

Makala haya ni jibu letu kwake. Tumechelewa kulitoa, kwa sababu mwisho wa wiki ile lilitokea jambo ambalo hatukulipangia.

Kwa asiyemjua, Superman alibuniwa na vijana wawili wa mji wa Cleveland, Marekani, Jerry Siegel na Joe Shuster. Alitokea mara ya kwanza mwaka 1938 katika toleo la kwanza la Action Comics, na jalada lake linamwonyesha akiwa ameinua gari zima kwa mikono. Ni mtoto aliyerushwa angani na wazazi wake kutoka sayari iliyokuwa ikiangamia, akaokotwa na wakulima wa Kansas, mume na mke, wakamlea na kumpa jina la Clark. Anaruka angani. Risasi hazimwingii. Akivaa miwani ni mwandishi wa gazeti. Akiivua ni mwokozi wa mji.

Sisi tuliokua tukitazama filamu kwenye mabanda ya video tunajua kanuni moja ambayo hakuna aliyetufundisha: stelingi hafi. Atapigwa, atavuja damu, atatupwa mtoni, lakini picha ikikaribia mwisho atasimama. Hata watoto wa chekechea wanaijua. Basi Jumatano ya tarehe 18 Novemba 1992, siku ambayo maduka ya Marekani hupokea katuni mpya za wiki, wasomaji walifungua toleo namba 75 la Superman na kukuta stelingi amekufa. Vitabu vyetu vitatu vinakusanya matoleo ya msimu ule, 1992 na 1993: cha kwanza ni kifo, cha pili ni dunia iliyobaki bila yeye, cha tatu ni kurudi kwake. Tulivisoma kila usiku katika muda wa mapumziko, watatu juu ya benchi moja, na maoni yetu ni haya.

Kitabu cha kwanza kina mchoro mzuri kuliko maneno yake. Jitu linaloitwa Doomsday linatoka ardhini na kuanza kuvunja kila kitu. Halidai kitu, halina kisasi, na halielezwi limetoka wapi. Mmoja wetu alisema huo ni uvivu wa waandishi, kwamba adui asiye na sababu si adui bali ni tetemeko. Wawili tulimpinga. Tulisema mauti huwajia watu wengi namna hiyohiyo, bila hoja. Lakini tulikubaliana kuhusu mchoro. Katika toleo moja kila ukurasa una picha nne, katika toleo linalofuata zinakuwa tatu, kisha mbili, na katika toleo namba 75, lililoandikwa na kuchorwa na Dan Jurgens, kila ukurasa ni picha moja tu. Huhitaji kujua Kiingereza ili uelewe. Pumzi inakatika taratibu mbele ya macho yako, hadi unamwona Lois Lane amemkumbatia katikati ya barabara iliyobomoka, na joho jekundu limechanika na kunasa kwenye mti.

Tulichokipinga ni biashara iliyozunguka kifo hicho. Toleo lile liliuzwa pia ndani ya mfuko mweusi uliofungwa, wenye nembo inayotiririka damu, na ndani yake kukiwa na kitambaa cheusi cha kufunga mkononi kama waombolezaji. Watu walipanga foleni. Wengi walinunua nakala kadhaa na hawakuufungua mfuko kamwe, wakitumaini bei itapanda. Hata sababu ya kumwua shujaa ilikuwa ya kiofisi: waandishi walikuwa wamepanga harusi ya Clark na Lois, harusi ikaahirishwa ili iende sambamba na kipindi cha televisheni, ikabidi watafute jambo jingine la kujaza nafasi. Msiba huu, kwa hiyo, uliitishwa mezani.

Kitabu cha pili ndicho tulichokipenda kuliko vyote, ingawa hakina ngumi nyingi. Kinaonyesha mazishi. Wazee waliomlea hawawezi kukaa mbele kama wafiwa, kwa sababu hakuna anayejua kwamba ni mtoto wao. Wanayatazama mazishi ya mwanao kwenye televisheni, sebuleni, Kansas. Yeyote aliyewahi kuzuiwa na umbali asimzike ndugu yake anaujua ukurasa huo. Halafu yupo Bibbo, mwenye baa, mtu wa ngumi na maneno makavu, anayesali peke yake na kumwuliza Mungu kwa nini amemchukua Superman akamwacha yeye, mzee asiye na faida. Tulisoma mara mbili. Tumesikia sala hiyo kwenye misiba ya kwetu, kutoka kwa bibi anayemzika mjukuu.

Kitabu cha tatu kinakwenda mbio. Wanatokea wanne, kila mmoja amevaa nembo ya marehemu: kijana mdogo mwenye majigambo, mmoja asiye na huruma, amefunika macho, mwingine nusu mtu nusu chuma, na fundi wa vyuma aitwaye John Henry Irons, aliyejitengenezea vazi la chuma. Huyu wa mwisho tulimpenda. Hasemi kwamba yeye ni Superman. Aliwahi kuokolewa naye alipoanguka kutoka kwenye jengo refu, na anachotaka ni kulipa deni kwa kufanya kazi ileile. Kisha yule nusu chuma anageuka kuwa mwovu, na pamoja na mshirika wake wanauangamiza mji mzima uitwao Coast City. Watu milioni saba. Tulipofika hapo ilikuwa inakaribia saa nne usiku, kengele ya ukimya ilikuwa karibu, na tukafunua kurasa upesi kwa sababu tulitaka kumwona stelingi anarudi. Akarudi kweli, amevaa nguo nyeusi, nywele zimerefuka, mwili mzima hauna hata kovu moja. Tukapiga makofi. Tunawaomba wasomaji wayakumbuke makofi hayo.

Jumamosi ni siku yetu ya utume. Tunakwenda kwenye kigango kilicho karibu kuwafundisha watoto wa Utoto Mtakatifu, kiasi cha arobaini hivi, chini ya mwembe wakati kanisa linafagiliwa. Somo la siku ile lilikuwa ufufuko wa wafu, maana Novemba ilikuwa inakaribia. Tukaona tumepata mfano wa bure. Tulichukua vitabu vyote vitatu, tukagawana: mmoja kushika picha juu, mmoja kusimulia, mmoja kutuliza fujo za nyuma.

Hatujawahi kusikilizwa vile. Watoto walisogea hadi wakakalia viatu vyetu. Tulipoonyesha picha za nguvu zake, mtoto mmoja wa darasa la nne, ambaye kwa kawaida hasemi, alinyoosha mkono.

"Frateri, anaweza kuinua lori?"

"Lori? Hata matatu, moja juu ya jingine!"

Watoto wakacheka, na sisi tukacheka. Yeye hakucheka, lakini hatukulitilia maanani. Tukaendelea hadi kifo, mkeka wote ukawa kimya. Tukaendelea hadi kurudi, wakapiga makofi kama tulivyopiga sisi. Hapo msimuliaji wetu akaleta mwisho aliouandaa: mnaona, watoto, kama Superman alivyokufa akarudi, ndivyo Yesu naye alivyokufa akafufuka, kwa sababu yeye ni shujaa mkuu kuliko wote.

Yule mtoto akanyoosha mkono tena. "Frateri, na wale watu wa ule mji? Wale wengi. Walirudi?"

Tuliangaliana. Aliyeshika kitabu alikifungua tena, kana kwamba kurasa zingetusaidia. Tukasema ukweli: hapana, hawakurudi.

"Sawa," alisema, akaketi.

Baada ya sala ya kufunga, mzee katekista alitusindikiza hadi barabarani. Alisubiri tuwe mbali na watoto. "Mafrateri, mmefundisha vizuri," alianza, na tulipomsikia akianza hivyo tukajua kwamba hatukufundisha vizuri. "Yule kijana aliyeuliza habari ya lori, baba yake alikuwa na bodaboda. Lori lilimkuta pale kwenye kona ya kushuka, mwezi wa sita. Mlikuwa likizo, hamkujua."

Tulirudi seminarini kwa miguu, kilomita tano, na hatukuzungumza.

Usiku ule hatukulala mapema. Tulikuwa tumekosa mara mbili. Kosa la kwanza ni la kutojua, nalo linasameheka: hakuna anayejua misiba yote ya watoto arobaini, ingawa tungeweza kumwuliza katekista kabla ya somo. Kosa la pili ni kubwa zaidi, kwa sababu ni la mafundisho. Tulimweleza Yesu kama stelingi. Tulisema alifufuka kwa sababu ana nguvu. Mtoto yule alisikia vizuri kuliko tulivyosema. Alielewa kwamba ufufuko ni wa wenye majina makubwa, na kwamba baba mwenye bodaboda ni mkazi wa Coast City.

Katuni zenyewe zinakiri jambo hili, kama ukizisoma kwa makini. Coast City ulikuwa mji wa shujaa mwingine, Green Lantern, ambaye jina lake ni Hal Jordan. Katika toleo lake namba 48 anasimama mahali palipokuwa mji wake na kwa nguvu ya pete yake anaumba upya nyumba, barabara, na watu aliowapenda. Anaongea nao. Lakini nguvu ya pete inapoisha wanatoweka, na mtu mwema yule anageuka kuwa hatari kwa wote, kwa sababu hawezi kukubali. Wachapishaji walimrudisha mmoja kwa furaha. Aliyetaka kuwarudisha milioni saba wakamfanya mwovu. Hatuwalaumu. Ni katuni, na haziwezi kutoa zaidi ya zilicho nacho. Tunajilaumu sisi, tulio na zaidi ya katuni, tukatoa katuni.

Katika somo la falsafa ya mtu tumemsoma Gabriel Marcel, Mfaransa aliyefiwa na mama yake akiwa bado mtoto mdogo sana na aliyeingia Kanisa Katoliki mwaka 1929. Wanafalsafa wengi hulitazama swali la kifo kama swali la kifo changu mimi. Marcel aliona kwamba swali zito ni kifo cha yule ninayempenda. Tulijibu swali hilo kwenye mtihani na tukapata alama nzuri. Chini ya mwembe lilipotujia kwa sauti ya mtoto wa darasa la nne hatukulitambua.

Tuliporudi kwenye Maandiko tuliona tulivyopotoka. Injili zinasimulia watu waliorudishiwa uhai: binti Yairo, kijana wa mjane wa Naini, Lazaro. Wote hao walirudi kwenye maisha yaleyale na baadaye wakafa tena. Superman alirudi namna hiyo, tena kwa bei nafuu kuliko Lazaro, maana hata harufu ya kaburi hakuwa nayo. Ufufuko wa Kristo si kurudi nyuma. Anakwenda mbele, mahali ambapo mauti hayamfikii tena, na anakwenda na majeraha yake. Tomaso anaalikwa kuyagusa. Mwili uliosulubiwa ndio huohuo uliofufuka, haukubadilishwa kwa mwingine usio na kovu. Naye Mtume Paulo anapowaandikia Wakorintho hasemi kwamba Kristo ni wa pekee aliyeponyoka. Anamwita limbuko la waliolala. Limbuko si zao lote. Ni suke la kwanza linalokuambia shamba zima linakuja.

Mmoja wetu, akiendelea kutafuta habari za hawa waliombuni Superman, alikuta jambo lililotunyamazisha. Jerry Siegel alikuwa na miaka 17 baba yake alipofariki, Juni 1932. Alikuwa mhamiaji Myahudi mwenye duka la nguo, na alifariki wezi walipovamia duka lake; moyo wake ulishindwa. Ndani ya miaka michache mwanawe akambuni mtu ambaye mwizi hamwezi na risasi haimwingii. Hatusemi kwamba katuni yote ilitoka katika kaburi lile. Tunasema tu kwamba tangu siku ile hatuwezi tena kulitazama jalada la 1938, mtu ameinua gari juu, bila kumsikia mtoto anauliza kama anaweza kuinua lori.

Wiki iliyofuata tulikwenda kwanza nyumbani kwao, pamoja na katekista na akina mama wawili wa jumuiya. "Tumsifu Yesu Kristo, mama." "Milele na milele, amina. Karibuni mafrateri." Alituwekea stuli, akatutilia chai. Tulimwomba radhi. Alishangaa, kwa kuwa mtoto alimsimulia habari za Superman tu, hakumweleza swali lake. Tulisali rozari pale, fungu la tano la matendo ya uchungu na la kwanza la matendo ya utukufu, moja baada ya jingine.

Kisha chini ya mwembe tukawaambia watoto kwamba Jumamosi iliyopita tulikosea. Mafrateri hawapendi kusema hivyo mbele ya watoto, lakini tulisema. Tukawauliza nani kwao wanalima mahindi. Mikono yote ikapanda. Tukauliza: mkiona hindi la kwanza limekomaa, mama anasema nini? Wakajibu kwa pamoja kwamba mengine yanakaribia. Tukasema Yesu ndiye hindi la kwanza. Hakutoka kaburini peke yake ili tumpigie makofi. Ametangulia, na anawajua kwa majina wale wa mji ule wote.

Mtoto yule aliuliza swali moja: "Baba atakuwa na kovu?" Tulimwambia kwamba Yesu alibaki na alama zake na wanafunzi walimtambua, na kwamba baba atakuwa yeye mwenyewe, siyo mwingine, naye atamtambua mwanawe. Alifikiri kidogo. "Alikuwa na kovu hapa," alisema akigusa nyusi yake. "La zamani."

Padre wa maktaba, jibu letu basi ni hili: vikae rafuni. Viko kwenye rafu ya katekesi, mwishoni, tumevijaladi kwa karatasi ya kaki. Michoro ni mizuri, na kitabu cha pili kinafundisha kuomboleza kuliko baadhi ya mahubiri tuliyoyasikia. Lakini atakayeviazima kwa ajili ya watoto asipite mbio kwenye ukurasa wa mji uliokufa, kama tulivyopita sisi. Asimame pale, maana ndipo somo lilipo.

Tarehe 2 Novemba, Kumbukumbu ya Marehemu Wote, tulitumikia Misa kigangoni. Waamini walikuwa wameleta bahasha zenye majina ya marehemu wao, na yalisomwa yote kabla ya Misa. Ni orodha ndefu, wapendwa. Miaka iliyopita tulikuwa tunasimama pale tukihamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine, tukihesabu bahasha zilizobaki. Mkulima, mama ntilie, mtoto mchanga asiye na jina la pili, babu aliyezikwa kabla hatujazaliwa. Jina la baba mwenye bodaboda lilisomwa kati ya mengine, halikupewa sauti ya pekee. Katika mstari wa watoto kuna mmoja aliyeinua kichwa.

Safari hii hatukuzihesabu bahasha.